Mushairi Anayepima na Kupimwa: Juu ya Kazi ya V. Y. Mudimbe

Kuna washairi wanaoimba tu, na kuna wengine wanaoimba na kupima nyimbo za wenzao. Hawa wa namna ya pili ni wachache, na kazi yao ni ya hatari, maana kipimo wanachotumia kwa wengine kitatumiwa kwao pia. Bwana wetu ametuonya hivyo juu ya kila hukumu (Mt 7, 2). Katika inchi yetu ya shaba, mutu tunayepashwa kumutaja wa kwanza katika kundi hilo ni V. Y. Mudimbe, mwana wa Likasi, aliyekufa kule Marekani katika mwezi wa ine wa mwaka 2025, akiwa na miaka 83.

Wengi wanamujua kwa kitabu alichotoa kwa Kiingereza katika mwaka 1988, The Invention of Africa. Wachache wanajua kwamba alitoa vitabu vitatu vya mashairi, na wachache zaidi wanajua kwamba aliandika kitabu kizima juu ya siku za vita katika muji wetu wa Kolwezi. Waseminari wanauliza: Je, inafaa tumusome? Aliacha utawa, aliacha inchi, na katika vitabu vya uzee wake haongei tena kama mutu wa imani. Ulizo hilo ni la haki. Hatutalijibu mbio. Tutatazama kwanza mutu, halafu mushairi, halafu muamuzi, na mwisho tutatoa hukumu yetu.

I. Mutu na njia yake

Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa katika mwaka 1941 kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, katikati ya Lubumbashi na Kolwezi. Wabenedikto walimuchukua akiwa mutoto bado, wakamulea katika seminari ndogo, kisha akaingia novisiati katika monasteri ya Gihindamuyaga, inchi ya Rwanda. Alitoka katika monasteri mwanzoni mwa miaka ya 1960. Akasoma katika univerzite ya Lovanium, akapata udaktari kule Louvain, Ubeleji, katika mwaka 1970, akarudi kufundisha. Tangu 1971, wakati masomo ya barua na filosofia yalipokusanywa Lubumbashi, hapo ndipo alipofanya kazi yake kubwa ya kwanza.

Katika mwaka 1972 serkali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo. Kardinali Malula alisumbuliwa sana juu ya jambo hilo. Valentin-Yves akawa Vumbi Yoka. Ndugu musomaji, tazama vizuri: herufi mbili za mwanzo hazikubadilika. V. Y. ya ubatizo na V. Y. ya Leta ni zile zile, na juu ya vitabu vyake aliandika mara nyingi herufi hizo tu. Mutu anayejua kunyamaza namna hii ni mushairi tayari.

Kisha, Mobutu alipotaka kumuweka ndani ya Komite Kuu ya chama cha MPR, aliondoka katika inchi, akaishi na kufundisha Marekani. Hakuuza kalamu yake. Hata wale wasiopenda mawazo yake wanapashwa kumupa heshima hiyo.

II. Mushairi

Vitabu vya mashairi ni Déchirures (1971), Entretailles (1973) na Les Fuseaux, parfois (1974). Cha kwanza kilitoka kwa Éditions du Mont Noir, nyumba ya vitabu aliyoianzisha yeye mwenyewe pamoja na Georges Ngal. Hivi alikuwa mushairi na mulango wa washairi wengine kwa wakati mumoja. Viwili vingine vilitoka Paris. Vyote ni vidogo. Baada ya hapo alirudi kwa romani na kwa filosofia.

Tuanze na majina ya vitabu, maana mushairi hatupi majina ovyo. Déchirures ni mapasuko, kama nguo inapopasuka. Entretailles ni neno la mafundi wanaochora picha juu ya bamba la shaba: ni mikato midogo inayokatwa ndani ya nafasi ya mikato mikubwa. Mbele ya Entretailles aliweka sehemu nyingine yenye jina Fulgurances d'une lézarde, maana yake mimuliko ya umeme inayotoka katika ufa wa ukuta. Fuseaux ni vijiti vya kusokotea uzi. Na parfois ni mara kwa mara tu. Basi njia yote inaonekana wazi: kwanza nguo inapasuka, halafu shaba inakatwa, halafu ukuta unapasuka na mwanga unapita, na mwishoni mukono unajaribu kusokota uzi tena, lakini si kila siku. Sisi watu wa inchi ya shaba tunaelewa haraka picha hii. Jiwe lisilopasuliwa halionyeshi rangi yake ya ndani.

Mashairi yenyewe ni magumu. Kifaransa chake ni cha mutu aliyesoma sana, picha zinasongana, maneno ya Kanisa yanatembea pamoja na maneno ya mwili na ya mapendo ya mume na muke. Musomaji aliyezoea zaburi atasikia mwendo wa sala, lakini hatajua kila mara sala hiyo inamwelekea nani.

Je, ugumu huo ni kosa? Tutenganishe mambo mawili.

La kwanza: tukumbuke wakati. Miaka ile ndiyo iliyoleta animation politique, wakati watu wa kampi, wa masomo na wa biro walipopashwa kuimba na kucheza kwa kumusifu Mukubwa wa chama. Wimbo ulikuwa kazi ya lazima. Mbele ya makelele hayo, shairi ambalo hakuna kiongozi wa chama angeweza kuliimbisha lilikuwa kama chumba chenye kufungwa kwa ndani. Kwa upande huu ugumu wa Mudimbe una heshima yake.

La pili: chumba kilichofungwa kinamufungia inje adui, lakini kinamufungia inje ndugu pia. Mashairi ya wazee wetu yana mutu anayeyaitika. Katika mwaka 1974, mwaka ule ule wa Les Fuseaux, Clémentine Faïk-Nzuji, ambaye ni mushairi na mujuzi kama yeye, alitoa Lubumbashi kitabu chake juu ya kasala ya Waluba. Kasala ni wimbo wa majina. Muimbaji anaita ukoo, anaita wafu, anaita matendo, na yule anayeitwa anasikia, anainuka, machozi yanamutoka. Kasala nayo ni ngumu: imejaa maneno ya zamani na mafumbo. Lakini ugumu wake ni wa watu wote pamoja. Mutu asiyejua anamuuliza muzee anayeketi karibu. Ugumu wa Mudimbe ni wa mutu mumoja mbele ya rafu ya vitabu. Musomaji asiyeelewa hana muzee wa kumuuliza.

Hapo ndipo tunaona upungufu wa mashairi haya. Yamekatwa vizuri sana, kwa mukono wa fundi. Lakini mara nyingi hayana mutu wa pili ndani yake.

III. Muamuzi

Tuje sasa kwa mupimaji wa kazi za wengine. Hapa Mudimbe ni mukali, na ukali wake una faida.

Vitabu viwili vinatosha kwa kuelewa: L'Autre face du royaume (1973) na L'Odeur du père (1982). Wazo lake ni hili. Mwafrika aliyesoma anafikiri kwamba amemuacha Baba mugeni aliyemulea: amekataa ukoloni, amesifu wazee, ameimba weusi wake. Lakini maneno anayotumia kwa kukataa, vipimo anavyopimia, hata maulizo anayojiuliza, yote ameyapata nyumbani mwa Baba yule. Baba ametoka chumbani, lakini harufu yake imebaki. Basi kazi ya kweli si kupiga makelele juu ya uhuru. Kazi ni kujichunguza kidogo kidogo: neno hili nalisema mimi, ao linasemwa ndani yangu na mwingine?

Wabenedikto waliomulea wangetambua kazi hiyo mara moja. Ndiyo kuchunguza zamiri, iliyotolewa katika kikanisa na kupelekwa katika filosofia.

Kwa kipimo hiki alipima wengi, na kati yao mutu mumoja anayetuhusu sana: Padri Placide Tempels, Mufransisko. Kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu kilitoka kwa Kifaransa Elisabethville katika mwaka 1945. Askofu de Hemptinne, Mubenedikto, hakukipenda hata kidogo, na Tempels alikaa Ubeleji miaka kadhaa. Mudimbe, mwana wa Wabenedikto, hakumukataa Tempels kwa sababu za askofu yule. Aliona kwamba kitabu kilitikisa kiburi cha mukoloni, kwa kuwa kilisema kwamba Mwafrika ana akili yenye mupango. Lakini aliona pia kwamba Tempels alijipa kazi ya kusema mahali pa Mwafrika: Mwafrika anaishi filosofia yake, lakini muzungu ndiye atakayemuelezea. Bado harufu ya Baba.

Tunakubali hukumu hiyo juu ya kitabu. Lakini Tempels hakubaki na kitabu tu. Katika mwaka 1953 alikuwa hapa, Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa Union Minière na wake zao, katika kampi za Ruwe na Musonoi. Hapo Jamaa ilizaliwa. Na Jamaa haikusema Kifaransa. Ilisema Kiswahili, na ilisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Wale waliofundisha walikuwa baba na mama wa kampi, watu wa mashini na wa sufuria, waliokaa usiku pamoja na kufikiri kwa luga yao juu ya Mungu na juu ya ndoa. Tempels alikuwa baba yao, lakini wao ndio waliotunga mafundisho. Mujuzi Johannes Fabian aliyesikiliza na kuandika mafundisho hayo alionyesha kwamba yana mupango wa mawazo, si maneno ya ibada tu. Kama kila moto, Jamaa ilitoa mwanga na ilitoa moshi. Maaskofu walikuwa na sababu zao za kuirudisha katika njia. Lakini jambo moja limebaki: katika kampi za Kolwezi Wakristo walifikiri pasipo kungoja univerzite iwape ruhusa.

Sasa tufike kwa fundo lenyewe. Katika L'Odeur du père Mudimbe anasema kwamba labda njia ya kutoka kweli katika nyumba ya Baba ni kubadilisha chombo chenyewe, ndiyo luga: elimu ya Afrika isemwe na kuandikwa kwa luga za Afrika. Ni neno zito, na ni la haki. Lakini aliyelisema alitunga mashairi yake kwa Kifaransa, romani zake kwa Kifaransa, na vitabu vikubwa vya filosofia kwa Kifaransa na Kiingereza. Muamuzi alidai; mushairi hakulipa.

Mutu atasema: alikuwa mukimbizi, angemuandikia nani? Jibu linafaa kwa miaka iliyofuata 1980. Halitoshi kwa miaka ya Lubumbashi, alipoishi katika muji wenye kusema Kiswahili kutoka soko hata kanisa. Miaka michache mbele yake, katika 1965, huko huko Lubumbashi, André Yav na wenzake waliokuwa wafanyakazi wa nyumba za wazungu walikuwa wameandika kwa Kiswahili historia ya muji wao. Na karibu na monasteri ya ujana wake, Padri Alexis Kagame wa Rwanda alitunga kwa Kinyarwanda shairi kubwa juu ya kazi ya Muumba, kisha akaligeuza yeye mwenyewe kwa Kifaransa. Kagame alianza nyumbani, halafu akaenda kwa wageni. Mudimbe alianza kwa wageni, na hakurudi kwa njia ile.

IV. Daftari la Kolwezi

Tungeishia hapo, hukumu yetu ingekuwa nusu. Kuna kitabu kimoja ambamo mushairi na muamuzi walikutana, na kitabu hicho ni cha hapa kwetu: Shaba deux, les carnets de Mère Marie-Gertrude, kilichotoka Paris kwa Présence Africaine katika mwaka 1989.

Wazee wa Kolwezi hawahitaji kuelezwa siku zile. Tarehe 13 ya mwezi wa tano 1978, askari wa FNLC waliotoka Angola waliingia katika muji. Ilikuwa vita ya pili ya Shaba. Ya kwanza ilikuwa katika 1977. Tarehe 19 askari wa Ufaransa walishuka kwa parashuti, na kesho yake Wabeleji walifika. Mamia ya watu walikufa, weusi na wazungu. Magazeti ya Ulaya yaliandika sana juu ya wazungu waliouawa. Wafu weusi walihesabiwa kwa jumla tu.

Mudimbe anafanya nini? Hawaandiki maaskari, haandiki wakubwa. Anampa kalamu mutawa mumoja Mufransisko, mwanamuke mweusi, na mutawa huyo anaandika siku kwa siku katika daftari lake. Masista wazungu wanaondoshwa. Yeye anabaki, anawekwa kuwa Mama Mukubwa wa nyumba. Cheo kinamufikia kwa sababu wengine wamekimbia. Anasali, anajiuliza kama utii wake ni mapendo ao ni woga, anaogopa, anaendelea. Kifo kinamungoja mwishoni, na daftari ndilo linalobaki.

Hapa harufu ya Baba si wazo la filosofia tena. Ni nyumba ya kitawa ambayo wageni waliijenga, na mwanamuke mweusi anapewa funguo zake siku ambayo nyumba inawaka moto. Maulizo yale yale ya L'Odeur du père yanarudi, lakini safari hii yanaulizwa na mutu anayepashwa kutafuta chakula cha kesho na kufungua mulango unapopigwa. Na mutu wa pili, yule aliyekosa katika mashairi, amefika: Marie-Gertrude anaongea na Mungu, na hajui kama Mungu anajibu, lakini haachi kuongea.

Tulinganishe na romani yake ya kwanza, Entre les eaux (1973). Padri Pierre Landu anaacha parokia, anaenda kwa waasi porini kwa kutafuta haki, waasi hawamwamini, anaokoka, anaoa, anaacha muke, anaingia monasteri ya Wasisteri kwa jina jipya, Ndugu Mathieu-Marie wa Umwilisho. Landu anafikiri sana na kuwapenda watu kidogo. Kila nyumba anayoingia, anajitazama ndani yake kama katika kioo. Marie-Gertrude hana wakati wa kioo. Kwa sababu hiyo tunasema kwamba katika 1989 mwandishi alikuwa amekwenda mbali kuliko katika 1973, hata kama wajuzi wengi wanaisifu romani ya kwanza zaidi.

Kosa moja limebaki, na ni lile lile: daftari lote ni la Kifaransa. Mwanamuke wa Kolwezi anayeandika usiku anasikia nini dirishani? Anasikia Kiswahili: mama anayeita mutoto, mugonjwa anayeomba maji, askari anayepiga amri. Kiswahili hicho kinangoja bado mwandishi wake.

V. Hukumu yetu

Basi tunajibu ulizo la waseminari. Inafaa kumusoma Mudimbe? Inafaa, lakini kwa mupango.

Asomwe kwanza katika Shaba deux, maana hapo muji wetu na Kanisa letu wanasimama mbele yetu bila mapambo. Asomwe kisha katika L'Odeur du père, pamoja na mwalimu, ili kila mumoja ajifunze kuchunguza maneno yake ya mahubiri: ni yangu, ao nimeyaokota? Mashairi yaje nyuma, polepole, kwa wale wenye Kifaransa cha kutosha; na wasiyaige. Vijana wengi wanafikiri kwamba shairi ni zuri likiwa giza. Giza la Mudimbe lilikuwa na sababu yake na wakati wake. Giza la anayemuiga ni giza tu.

Juu ya imani yake, tuseme kwa haki. Katika kitabu cha maisha yake, Les Corps glorieux des mots et des êtres (1994), anatazama bustani ya maisha yake na kuiita ya Kibenedikto. Jina lenyewe linataja miili mitukufu, neno la teolojia ya ufufuko. Mutu anaweza kutoka katika monasteri, na kengele ya monasteri ikaendelea kupanga saa za siku yake. Hatutamufanya mutakatifu, naye asingekubali. Hatutamufanya adui pia. Mungu peke yake anajua alivyomupokea. Sisi tumepewa vitabu.

Na vitabu vinatuachia deni. Muamuzi alisema kwamba luga ni mulango, na mushairi hakupita. Ni sisi tunaopashwa kupita. Katika Musonoi na katika parokia nyingine za Kolwezi kuna bado wazee wanaokumbuka mafundisho ya Jamaa, nyimbo za kampi, na maombi ya siku zile za 1978. Kila mwaka wamoja wanakufa. Tangu 2014 watu wanachimba kobalti hata chini ya nyumba katika mutaa wa Kasulo. Udongo wote unageuzwa, kaburi na bustani pamoja. Museminari anayependa mashairi achukue daftari, aende kwa muzee mumoja, amuulize, aandike anayosikia kwa Kiswahili kile kile anachosikia, pasipo kukisafisha kwa kuwapendeza walimu. Akisha kuandika, apime: neno gani ni zito, neno gani ni tupu? Hivyo atakuwa mushairi na muamuzi kwa wakati mumoja, na atalipa sehemu ya deni ambalo mwana wa Likasi alituonyesha vizuri kuliko wote.